Je, wajua kwa nini mabingwa wa gemu za zamani bado wanang'ang'ania TV za chogo?

Juzi kati nimeshusha TV ya chogo inchi 21 kutoka kwenye bajaji, jasho linanitiririka, mke wangu yuko mlangoni ananiangalia tu. "Baba Naima, hilo dude la nini tena? Si tuna flati ukutani?" Nikamwambia ni ya gemu. Akacheka, akaingia ndani, hakunisaidia hata kufungua mlango.

Lakini swali lake la msingi aisee. Maana sio mimi tu, huko Marekani, Ulaya na Japani kuna watu wazima na akili zao wanashindana pointi kwenye gemu za miaka ya 80, na kitu cha kwanza wanachokitafuta ni chogo. Wanazifuata mbali, wengine wanazigombania zile monita za Sony zilizokuwa zinatumika hospitali na studio za televisheni, na kuna chogo la Sony hiyohiyo linaitwa Trinitron, la inchi 36, linafika karibu kilo 100, yaani ukiinunua unahitaji na watu wa kuibeba. Wakati huohuo flati mpya inabebwa kwapani.

Jibu fupi ni kwamba flati inachelewa. Ila jibu refu ndio tamu, tulia.

Chukua NES, ile mashine ya Nintendo iliyotoka Japani 1983 kwa jina la Famicom halafu ikaingia Marekani 1985. Sisi huku wengi tuliijua kupitia zile feki zake za Kichina, kaseti ya njano unachomeka kwa juu, pedi mbili na kabunduki. Mashine hiyo ina RAM ya kilobaiti 2. Mbili tu! Picha moja unayotumiwa WhatsApp inaweza kuizidi mara hamsini. Sasa kwa kumbukumbu ndogo hivyo haiwezi kuchora picha nzima ikaiweka pembeni halafu ndio ikuonyeshe, hakuna pa kuiweka. Kwa hiyo inafanyaje? Inachora nukta moja moja huku huku inazituma kwenye TV, na TV ya chogo nayo haihifadhi chochote, ndani ya lile chogo kuna mtutu unarusha elektroni, zinapiga kioo kwa ndani, unga uliopakwa pale unawaka, basi. Mshale huo wa elektroni unaenda kushoto kulia, mstari mmoja, unashuka, mstari mwingine, mpaka chini, halafu unarudi juu. Mara 60 kwa sekunde kwa mashine za Marekani na Japani, mara 50 kwa za Ulaya. Kile mashine inachokitoa sasa hivi ndicho kioo kinachowaka sasa hivi, hakuna foleni katikati.

Flati haifanyi hivyo. Yenyewe inasubiri picha nzima ifike, inaanza kuihesabu, mistari 240 ya mwaka 1985 inainyoosha mpaka itoshe kioo cha mistari 1080 au zaidi, inapaka rangi vizuri, inalainisha, halafu ndio inakuonyesha. Ukiwa unaangalia taarifa ya habari hutajua kitu. Ukiwa unacheza, kidole kimeshabonyeza na mtu kwenye skrini bado anajifikiria. Kuna flati ambazo bila kuziweka kwenye modi ya gemu zinachelewa hata milisekunde 80 au 100. Utasema milisekunde ni nini bwana, si hata kupepesa jicho ni zaidi ya hapo. Sawa, twende kwenye Tetris uone.

Tetris ya NES ya mwaka 1989, ile ya matofali yanashuka unayapanga, ukifika levo ya 29 tofali linashuka mstari mmoja kila fremu. Fremu ni picha moja nzima kwenye skrini, inakaa moja ya 60 ya sekunde. Uwanja una mistari 20. Piga hesabu: tofali linatoka juu mpaka chini kwa theluthi moja ya sekunde. Sasa TV yako ikichelewa milisekunde 80 ni kama fremu tano, maana yake wakati wewe unaliona tofali ndio kwanza linatokea juu, kwenye mashine limeshashuka mistari mitano. Robo ya uwanja imeondoka hujagusa kitu. Ndio maana mashindano ya dunia ya Tetris hii, yaliyoanza 2010 Los Angeles na baadaye yakakaa miaka mingi Portland, Oregon, yalijulikana kwa meza zilizopangwa NES halisi na machogo mazito juu yake.

Na hiyo levo ya 29 ina hadithi yake. Kwa miaka mingi watu waliamini pale ndio mwisho wa gemu, kwa sababu ukishikilia kitufe cha pembeni, mashine inasogeza tofali mara moja kila fremu 6, na kutoka katikati hadi ukutani unahitaji zaidi ya muda ulionao kabla halijatua. Haiwezekani kihesabu. Wakaja watu wakasema basi hatushikilii, tutabonyeza haraka haraka, zaidi ya mara kumi kwa sekunde, mkono unatetemeka kama una homa, na Thor Aackerlund akafika levo ya 30 mwaka 2011. Mwaka 2018 dogo wa miaka 16, Joseph Saelee, kwa mtindo huo akampiga fainali Jonas Neubauer aliyekuwa ameshabeba ubingwa mara saba (Jonas alifariki Januari 2021, Mungu amrehemu, jamaa alipendwa sana na waliompiga ndio waliompenda zaidi).

Halafu ikaja mbinu ya ajabu zaidi. Kidole gumba unakiweka kwenye kitufe bila kukibonyeza, halafu vidole vya mkono wa pili unapiga ngoma kwa nyuma ya pedi, ta-ra-ra-ra, kila kidole kikigonga pedi inasukumwa mbele na kitufe kinakutana na gumba lenyewe. Yaani hubonyezi kitufe, unakibonyezesha. Jaribu kwenye rimoti hapo ulipo, utaona mantiki yake. Kwa mbinu hiyo tarehe 21 Desemba 2023 Willis Gibson wa Oklahoma, miaka 13, kwenye gemu anajiita Blue Scuti, alifika levo ya 157 baada ya kama dakika 38, akafuta mstari mmoja, gemu ikaganda. Skrini yenyewe ilikuwa inasema levo 18 kwa sababu waliotengeneza hawakuwahi kufikiria namba za huko juu kwa hiyo mashine ilikuwa inajiandikia tu. Baba yake alikuwa amefariki mwezi huohuo, na ushindi ule akautoa kwa ajili yake.

Kwa nini iliganda sasa? Hapa ndipo ninapopapenda. Prosesa ya NES haijui kuzidisha. Pointi zako zinatakiwa kuzidishwa kwa levo, kwa hiyo inajumlisha, inajumlisha tena, na tena, kama mtoto anayehesabu kwa vijiti. Levo ya 5 ni kazi ndogo. Levo ya 150 na kitu ni vijiti vingi, na hesabu yote inatakiwa iishe kabla fremu mpya haijaanza. Ikizidi muda, fremu mpya inaingia katikati ya hesabu, mashine inapotea njia, inaruka kwenda kusoma maelekezo yasiyo yake na inakufa hapohapo. Kwa hiyo dogo hakuishinda gemu tu, aliichosha mashine hesabu.

Ndio maana hawa watu wanataka mashine halisi. Kuna emuleta, zile programu za kuigiza mashine kwenye kompyuta, na nyingi ni nzuri tu, mimi mwenyewe ninayo kwenye simu, lakini kwenye rekodi kila fremu ni ushahidi. Twin Galaxies, ambao walianzia kwenye ukumbi wa gemu huko Ottumwa, Iowa, na wakaanza kutunza rekodi 1982, waliwahi kuondoa alama za mchezaji maarufu Billy Mitchell kwenye Donkey Kong, gemu ya zamani ya kumbini, mwaka 2018, na sababu ilikuwa picha: kwenye kanda zake namna ukurasa unavyojichora wakati wa kubadilisha levo haikufanana na bodi halisi, ilifanana na emuleta. Yeye alikataa, kesi ikaenda, Januari 2024 wakapatana na alama zikarudishwa kwenye kumbukumbu za kihistoria. Mwaka huohuo wa 2018 waliifuta rekodi nyingine iliyokaa tangu 1982, ya gemu ya magari ya Atari inaitwa Dragster, sekunde 5.51, baada ya mtu kuifungua programu yote na kuonyesha kwamba hata ukicheza bila kosa hata moja mashine haitoi chini ya 5.57. Sehemu ndogo sana ya sekunde, ila ndio ilizua ubishi wote ule.

Na kabunduki je? Unakumbuka ile gemu ya kupiga bata, kwenye chogo ilikuwa inafanya kazi, ukiipeleka kwenye flati hata ugandishe mdomo wa bunduki kwenye kioo hakuna bata anayekufa. Wengi tulidhani bunduki inarusha kitu. Hairushi kitu, ni jicho. Ukivuta kifyatulio skrini nzima inakuwa nyeusi fremu moja, halafu pale alipo bata kinatokea kiboksi cheupe, na bunduki inaangalia tu: nimeona giza halafu mwanga? Umepiga. Sasa flati inaleta kile kiboksi kikiwa kimechelewa, bunduki imeshafumba jicho imeenda zake.

Basi ukitaka mashine halisi lazima uwe fundi, au uwe na fundi, kwa sababu hivi vitu vina miaka 40. Kuna lile la kupuliza kaseti. Kila mtoto duniani alipuliza, sijui nani alitufundisha wote, na kumbe mate yanaleta kutu kwenye meno ya shaba. Kilichokuwa kinasaidia ni kuitoa na kuirudisha, ile msuguo. NES ya Marekani ilikuwa na tatizo zaidi, ina meno 72 na chipu ya ulinzi inayoongea na mwenzake ndani ya kaseti, wasipoelewana mashine inajizima na kujiwasha kila sekunde, taa nyekundu inapepesa. Feki zetu hazikuwa na mlinzi huyo kwa hiyo taa haikupepesa, lakini tulipuliza vilevile.

Dawa yake ni spiriti na pamba za masikio. Nilisafisha kaseti yangu moja wiki iliyopita, pamba ya kwanza imetoka nyeusi kama masizi ya sufuria, ya pili kahawia, ya nne ndio ikatoka safi. Nikachomeka, ikawaka mara moja, nilipiga kelele mpaka Naima akaamka. Nyingine zina betri ndani, ile bapa ya duara, imelehemiwa kwenye bodi ndio inatunza ulipoishia, ikifa na safari yako imefutika. Kapasita nazo zinavimba na kuvuja, unazing'oa moja moja unaweka mpya, na uangalie chanya na hasi bwana, mimi niligeuza moja ikalia paa kama fataki.

Ila chogo lenyewe usifungue. Nasema kweli. Ndani kuna volti zaidi ya elfu 20 na zinaweza kubaki mle hata ukiwa umechomoa waya ukutani. Fundi wangu kabla hajagusa kitu anachukua bisibisi ndefu iliyofungwa waya wa kwenda kwenye ethi, anaiingiza chini ya ile kofia ya raba mgongoni mwa kioo, inasema "tak", ndio anaanza kazi, na mkono mmoja anauweka mfukoni.

Hilo nililoshusha kwenye bajaji nililiwasha siku tatu, la nne likatoa harufu ya kuungua, picha ikakunjamana ikawa mstari, kimya. Fundi kasema flaibeki, ile transfoma inayotoa zile volti kubwa, imekufa, mpya hakuna, itabidi apate TV nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti aitoe humo. Sasa natafuta chogo la pili, na Mama Naima bado sijamwambia.