Umeme Ukikatika, Nawasha Redio

Miaka kadhaa iliyopita mpenzi mmoja wa redio huko Finland aliniandikia kuuliza jina la wimbo wa taarabu alioudaka jioni moja kutoka Zanzibar, kwenye kilohezi 11735. Aliambatanisha na rekodi. Fidla zinasikika, kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inasikika, na mama anayeimba unamsikia hadi anapovuta pumzi. Nikabaki kucheka peke yangu. Mimi naishi Morogoro. Mitambo ya masafa mafupi ya Zanzibar iko Dole, pale Unguja. Ukipima kwa rula kwenye ramani haifiki kilomita 200 kutoka kibarazani kwangu. Na jioni ile ile redio yangu ilikuwa inanitolea mvumo mtupu.

Nimefanya ufundi wa simu za upepo kwa zaidi ya miaka 20, zile redio za kuongelea ambazo hospitali za misheni, mapori ya akiba na makambi ya ujenzi zilizitegemea kabla minara ya simu haijafika. Kwa hiyo kilichomfanya Mfini asikie na mimi nikose nilikijua. Wimbi la masafa mafupi lina njia mbili. Moja linatambaa na ardhi, nalo huchoka mapema. Kwenye nchi kavu, makumi ya kilomita tu limekwisha. La pili linapanda hadi kwenye tabaka la anga ambalo jua limelitia chaji, kilomita 300 hivi juu yetu, linapinda na kurudi chini mbali sana. Ruko moja laweza kufika karibu kilomita 4000. Kati ya pale la ardhini linapoishia na pale la angani linapotua panabaki ukanda mkavu, na Morogoro imo ndani ya ukanda huo. Finland kwa Zanzibar ni ruko mbili, basi.

Ndiyo maana hospitali ikitaka kuongea na zahanati yake iliyo nyuma ya mlima, kilomita 80, hatukuwapa kilohezi 11000. Tuliwapa kati ya 5000 na 7000, na antena tukaitandaza chini, mita tatu au nne tu kutoka ardhini, ili wimbi lipande wima na kuanguka karibu, kama jiwe ulilolirusha juu ya kichwa chako mwenyewe. Wateja walinung'unika sana. Waliona tumewafanyia uvivu, antena haikupandishwa mlingotini kama walivyoiona kwa wenzao.

Lakini simu ya upepo ilikuwa kazi. Kusikiliza redio usiku ni raha, na raha yenyewe, nikisema ukweli, ni ya kudukiza. Idhaa ya masafa mafupi inachoma umeme mwingi ili imfikie mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo si wewe. Unamkuta mtangazaji anamsalimu mkulima wa nchi usiyoijua, anampa bei ya mtama, anamwombea mgonjwa wake, anamtukania serikali yake. Wewe umekaa gizani na kahawa yako, hakuna anayejua kwamba upo. Wenzetu wa Ulaya hutumia pesa na nyaya ndefu kupata matangazo yanayotumwa Afrika. Sisi ndio tunaotumiwa. Mengi yaliyobaki kwenye masafa haya leo yameelekezwa kwetu au kwa majirani zetu, na redio ya mkononi inatosha kuyapata.

Ili usipotee, jua mambo mawili. Kwanza, mchana nenda juu, usiku teremka chini. Jua likiwa kali kuna tabaka la chini zaidi, kilomita 60 hadi 90, linalomeza masafa ya chini. Likizama, tabaka hilo hutoweka. Kwa hiyo adhuhuri tafuta mita 16 na mita 19, magharibi ikiingia hamia mita 25 na 31, na usiku kaa mita 41 na 49. (Hizo mita ni 300 ugawanye kwa megahezi, megahezi 6 inakupa mita 50, na jirani yake ndiyo hiyo inayoitwa 49.)

Pili, ratiba zote huandikwa kwa saa za Greenwich, nazo huwachanganya vijana wanaojumlisha tatu kisha kuanza kuhesabu upya. Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kujumlisha. Toa tatu, unapata saa yetu moja kwa moja. Matangazo ya saa 14:00 Greenwich ni saa 11 jioni. Ya 15:30 ni saa 12 na nusu. Ikizidi 12, toa 12 uingie usiku: 18:00 ni 15, yaani saa 3 usiku. Sijui kwa nini hesabu hii haifundishwi popote. Ratiba hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo idhaa ikikutoroka wiki hizo usiitupe redio.

Wazee wetu walikuwa na bendi yao nyingine, mita 60. Radio Tanzania ilikuwa kilohezi 5050, Kampala 4976. Bendi hiyo walitengewa watu wa nchi za joto kwa sababu radi za kwetu huyakwaruza masafa ya kati kiasi cha kuchosha. Na hapo hapo Dar es Salaam ndipo wapigania uhuru wa kusini walipopewa dakika zao za kuzungumza na nyumbani, FRELIMO na ANC wakiwemo. Msikilizaji wa Soweto aliyetega sikio kwa siri naye alikuwa anadukiza, ila kwa maneno yaliyokuwa yake.

Kuhusu Kiswahili cha nje ya nchi, angalia miaka hii. Cairo ilianza mwaka 1954, wakati wa Mau Mau, ikiwachoma Waingereza kwa lugha waliyodhani ni ya mabarazani tu. BBC ikafungua idhaa yake Juni 1957. Peking, Beijing ya leo, Septemba 1961, Sauti ya Amerika 1962, Ujerumani 1963. Ndani ya miaka kumi dunia nzima iligundua kwamba tuna masikio! Sidhani kama ilikuwa bahati. Nchi zilikuwa zinapata uhuru, kila mkubwa anataka kuwa wa kwanza kumweleza Mswahili maana ya habari. Lakini msikilizaji hakuwa mjinga. Nakumbuka wazee wa baraza moja waliokuwa na utaratibu wao: kwanza Ujerumani, kisha London, kisha wanazima redio na kubishana ni nini ambacho wote wawili wamekificha.

Sehemu kubwa ya hayo imenyamaza. Kigali, ambako Wajerumani waliweka mitambo tangu 1965, ilifungwa Machi 2015. Sauti ya Amerika ilikatika ghafla Machi 2025. Waholanzi walijenga kituo Talata, Madagaska, mwaka 1972, wakaacha masafa mafupi mwaka 2012. Ila milingoti yao haikulala. Kituo hicho siku hizi hukodishwa. Anayelipa anarusha, na kwetu sauti ya Madagaska hushuka nzito kama ya jirani. Kutoka huko nimeyasikia matangazo ya Redio Dabanga, inayozungumza na watu wa Darfur, na nikasikia mahubiri kwa lugha ambazo hata jina lake nilitafuta kwa siku tatu.

Mahubiri ni mengi, nisikudanganye. Kama hupendi dini utaona nusu ya bendi ni mimbari. Mimi hupenda kuyasikiliza kwa nyimbo zake. Kisha kuna Oman, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na saa moja ya Kiingereza kilohezi 15140 kutoka Thumrait, saa 11 jioni yetu, na badala ya mambo mazito inapiga miziki ya disko. Kuna Hargeisa kwenye kilohezi 7120, kaban (udi wa Kisomali) na mashairi ya Kisomali. Mashairi hayo siyaelewi hata neno, lakini mtu aliyekua akisikia wazee wakighani tenzi atajua mara moja kwamba hapa mshairi anamjibu mwenzake. Hargeisa, kwa taarifa yako, imekaa katikati ya bendi ya wanaredio wa ridhaa, wale wanaozungumziana redioni kwa mapenzi tu, nao wanakasirika kila mwaka. Mimi nasema waacheni.

Halafu kuna yasiyo vipindi. Jirani na masafa ya Eritrea na Ethiopia mara nyingi utakuta mngurumo kama maporomoko ya maji. Hiyo si hali ya hewa, ni mitambo ya kuziba mdomo wa mwenzio. Nchi hizo mbili zimefanyiana hivyo kwa miaka. China nayo iliwahi kuziba matangazo isiyoyataka kwa muziki, ngoma na matoazi bila mtangazaji, na wapo waliokuwa wakiusikiliza kwa kuupenda, mimi nikiwa mmoja wao. Kilohezi 10000 usiku utasikia tiki, tiki, tiki: ni saa ya China inayoitwa BPM, nami huwekea saa yangu ya ukutani kwayo. Na 4625, ukibahatika kwenye usiku mkavu sana, kuna mlio wa Urusi unaolia kama king'ora kibovu kila baada ya sekunde chache, miaka nenda miaka rudi. Nimeupata mara mbili tu, na mara zote mbili nilimwamsha mke wangu. Mara ya pili hakufurahi.

Vifaa sasa. Redio yenye namba za kidijitali, ya mkononi, inatosha. Ukiwa na uwezo tafuta yenye SSB, namna ya kurusha sauti ambayo redio ya kawaida haiwezi kuifumbua, hapo utawasikia na wanaredio wa ridhaa na marubani wakitoa mahali walipo juu ya Bahari ya Hindi. Antena: waya wa kawaida wa umeme, mita 10, funga mti kwa mti, ncha moja izungushe kwenye antena ya redio mara tano sita. Usifanye zaidi. Waya wa mita 50 kwenye redio ndogo unaizidishia chakula, idhaa zote zinapandana. Na radi ikianza kunguruma chomoa waya kwanza, mvua utaianulia nguo baadaye. Masika moja niliianza na nguo. Redio ile bado ninayo, imebaki kuwa kasha.

Ukitaka kumbukumbu ya mkononi, andika ripoti ya usikivu uitumie idhaa: tarehe, saa ya Greenwich, masafa, ulichosikia kwa uchache dakika 20, na tarakimu tano za SINPO, kila moja kuanzia 1 hadi 5. Ya kwanza ni nguvu ya sauti, ya pili bughudha za idhaa nyingine, ya tatu kelele, ya nne kujaa na kupwa kwa wimbi, ya mwisho hali kwa jumla. Usiwape 55555 ili wakupende. Mafundi wa mitambo wanataka kujua panapovuja. Wakiridhika wanakutumia kadi ya QSL, uthibitisho kwamba kweli uliwasikia, na baadhi ni nzuri hasa. Kwa Mfini wangu niliandika kinyume: nilimwomba yeye anitumie nakala ya kadi yake ya Zanzibar, kwa kuwa mimi sijawahi kustahili kuipata.

Adui mkubwa siku hizi hayuko angani, yuko sebuleni. Chaja za bei rahisi, taa za LED, kisimbuzi cha televisheni, kibadilishaji umeme cha sola cha jirani: kila kimoja ni kijitambo kinachorusha mikwaruzo kwenye bendi nzima. Nilishawahi kuzunguka nyumba yangu na redio mkononi kama mganga anayetafuta hirizi, nikaikuta chaja moja ya simu, ndogo kama kiberiti, inameza mita 31 yote.

Kwa hiyo mtaani kwetu umeme ukikatika watu wanasema "aaah!" kwa pamoja, na mimi naenda kuchukua redio. Wiki iliyopita ulikatika saa 2 usiku. Nikatoka uani na betri mpya. Ule mvumo ninaoishi nao ulikuwa umeondoka wote, na bendi imetulia kama maji ya kisimani. Beijing kwa Kiswahili, sauti ya dada mmoja mwenye lafudhi nzuri kuliko yangu. Hargeisa. Mahubiri ya Kiamhari. Chini zaidi, kilohezi ambayo haimo kwenye ratiba yoyote niliyonayo, mwanamume anasoma kitu polepole, nadhani ni Kiarabu cha Sudan, kama anasoma majina. Nikazungusha antena, nikasogea karibu na mwembe, akapanda, akazama, akapanda tena wazi kabisa. Akasema "kutoka", au neno linalofanana na hilo, na nilikuwa nimeshashika kalamu nisubiri aseme kutoka wapi. Watoto wa jirani wakapiga kelele, "Umerudiii!", na taa zikawaka.