Upara wa kurithi: kwa nini nywele za kichogo hazianguki

Mtazame mzee mwenye kipara kutoka nyuma. Utosi ni mtupu na paji la uso limepanda hadi katikati ya kichwa, lakini kuanzia sikio moja, kupita kichogoni, hadi sikio la pili, nywele bado zipo, na kila baada ya wiki chache anakwenda kwa kinyozi kuzipunguza. Kichwa ni kimoja, damu ni moja, sabuni ni ileile. Anayetaka kuelewa upara wa kurithi aanzie kwenye ukanda huo wa kichogo. Chanzo chake kimo humo, na hata upasuaji wake umetoka humo.

Kwanza tutenganishe maneno, maana kwetu "kipara" kinabeba mengi. Aliyejinyoa kwa wembe ana kipara, aliyepukutika nywele kwa umri ana kipara, na mtoto mwenye mapunye naye huambiwa ana vipara. Madaktari wana neno alopesia, linalotokana na jina la Kigiriki la mbweha, kwa kuwa mbweha mwenye ukurutu hunyonyoka manyoya mabakamabaka. Nalo ni neno la jumla tu: nywele kukosekana mahali zinapotakiwa kuwepo, kwa sababu yoyote ile. Upara wa kurithi ni aina moja kati ya nyingi, ingawa ndiyo iliyoenea kuliko zote, na wanawake pia huupata. Kwao nywele hupungua zaidi kwenye mstari wa utosi bila kuisha kabisa.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000. Kila unywele hukua miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi 3, kisha huanguka na mwingine kuota kwenye kinyweleo kilekile, yaani kijishimo cha ngozi ambamo unywele huota. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Kwenye upara wa kurithi, kipindi cha kukua hufupika mzunguko baada ya mzunguko, na kinyweleo chenyewe hunywea. Unywele mpya hutoka mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka mwishowe kinachoota ni laika, kile kinywele laini kama cha mkononi mwa mtoto. Utosi unaong'aa, ukiutazama kwa karibu, mara nyingi umejaa vinywele hivyo.

Kinachoamrisha hayo ni homoni iitwayo dihaidrotestosteroni, kwa kifupi DHT. Mwili huitengeneza kutoka testosteroni, homoni kuu ya kiume, kwa msaada wa kimeng'enya maalumu. Vinyweleo vya utosini na vya panja, kwa aliyerithi, huathirika sana na DHT. Vya kichogoni karibu haviisikii, ingawa damu inayovifikia ni hiyohiyo. Nao urithi hautoki kwa babu mzaa mama peke yake, kama wengi wanavyoamini. Jeni moja muhimu ipo kweli kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume huipata kwa mama, lakini jeni zinazohusika ni nyingi na hutoka pande zote mbili.

Watu walitafuta dawa zamani sana kabla ya kujua chanzo. Hati ya Ebers ya Misri, iliyoandikwa karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, inashauri kichwa kipakwe mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka na nyoka. Huko Roma, mwandishi wa historia Suetonius ameandika kwamba Julius Caesar alikuwa akichana nywele zake chache kuzileta mbele, na kwamba heshima aliyoifurahia kuliko nyingine ni haki ya kuvaa taji la majani wakati wote. Ufaransa, katika karne ya 17, Mfalme Louis wa 13 alianza kuvaa wigi nywele zake zilipopungua, na wigi likawa vazi la wakubwa kwa zaidi ya miaka 100.

Kwangu mimi jambo la ajabu zaidi ni kwamba jibu lilikuwa limeandikwa tangu enzi za Ugiriki. Katika maandishi yanayohusishwa na tabibu Hippocrates, miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, kuna sentensi fupi inayosema kuwa matowashi, yaani wanaume waliohasiwa, hawapati upara. Ilisomwa na kunakiliwa kizazi baada ya kizazi, na hakuna aliyeweza kuifungua. Mwaka 1942 mwanaanatomia wa Marekani, James Hamilton, alichapisha uchunguzi wake juu ya wanaume ambao korodani zao ziliondolewa au hazikufanya kazi. Walioathirika kabla ya kubalehe walibaki na nywele zao. Alipowapa testosteroni, wale wenye upara katika ukoo wao walianza kupukutika, na wale wasio nao katika ukoo walibaki salama. Hapo ikadhihirika kwamba mambo mawili hukutana: homoni na urithi. Moja bila la pili halileti kitu.

Hatua iliyofuata ilitoka Salinas, kijiji cha Jamhuri ya Dominika. Kulikuwa na watoto waliozaliwa wakionekana wasichana na kulelewa hivyo, kisha wakibalehe maumbile yao yakageuka ya kiume. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza kwamba watoto hao walikosa kimeng'enya kinachotengeneza DHT. Wakiwa wanaume wazima, tezi dume yao ilikuwa ndogo, ndevu zao chache, na paji la uso halikupanda. Kampuni ya Merck ikatengeneza kidonge cha kuzuia kimeng'enya hicho, finasteraidi. Marekani iliruhusu kitumike kwa tezi dume iliyovimba mwaka 1992, na kwa upara wa wanaume mwaka 1997, kwa dozi ndogo. Kisa cha Salinas kinaeleza pia kwa nini mjamzito hatakiwi kukimeza wala kushika kilichovunjika: bila DHT, maumbile ya mtoto wa kiume tumboni hayakamiliki. Na baadhi ya wanaume hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa wakikitumia, jambo ambalo muuzaji ana wajibu wa kulisema kabla ya kupokea pesa.

Minoksidili, dawa nyingine ya upara, ilipatikana kwa bahati. Ilikuwa ya shinikizo la damu, na vidonge vyake viliruhusiwa Marekani mwaka 1979. Wagonjwa wakaota nywele usoni na mikononi, ndipo ikatengenezwa ya kupaka, iliyoruhusiwa mwaka 1988. Dawa zote mbili hulinda kilichopo na kurudisha kiasi. Ukiziacha, baada ya miezi unarudi pale ambapo ungekuwa bila dawa.

Upasuaji ndio uliothibitisha siri ya kichogo. Norman Orentreich wa New York alianza mwaka 1952 kuhamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kutoka kichogoni hadi mbele, akachapisha matokeo mwaka 1959. Nywele zilizohamishwa ziliendelea kuota mbele kama bado ziko nyuma: kinyweleo huhama na tabia yake. Zamani vipande vilikuwa vinene na kichwa kilionekana kama mwanasesere. Leo huhamishwa vikundi vidogo vya kinyweleo kimoja hadi vinne. Lakini hakuna nywele mpya inayozaliwa, akiba ni ile ya kichogo tu, na kijana wa miaka 22 akiimaliza mapema hatakuwa nayo upara ukisonga.

Sasa kitunguu maji, maana kila mtu anauliza kama kinatibu upara. Mwaka 2002 madaktari wa Iraki walichapisha utafiti mdogo ambapo maji ya kitunguu yalirudisha nywele kwa wagonjwa wengi. Ila wagonjwa hao walikuwa na aina nyingine kabisa ya alopesia, ile ya mabaka ya mviringo, ambayo kinga ya mwili hushambulia vinyweleo na ambayo mara nyingi hupona yenyewe. Habari iliposambaa, tofauti hiyo iliachwa njiani, na mwenye upara wa kurithi anajipaka kitunguu usiku kucha bure. Mapunye nayo ni fangasi, na huhitaji dawa ya fangasi ya kumeza. Mama ambaye nywele zimemwanguka miezi michache baada ya kujifungua mara nyingi hahitaji kitu ila muda.

Alopesia inayoniumiza zaidi ni ile ya kusuka, kwa kuwa inazuilika kabisa. Rasta nzito au msuko uliovutwa sana huondoa nywele za panja na za mbele ya paji la uso. Mwanzoni kinyweleo kiko hai, na nywele hurudi mvuto ukiacha. Ukiendelea miaka, kovu huziba na hakuna dawa ya kupaka itakayolifungua. Wasichana wadogo huanza kuvutwa hivyo hata kabla ya kuanza shule. Maumivu yanayomnyima mtoto usingizi na vipele vidogo kwenye mizizi ya nywele kesho yake ni dalili za kwanza, na msuko huo unatakiwa ufumuliwe siku hiyohiyo, hata kama ulilipiwa jana.