Kwa nini gari la otomatiki likifungwa giaboksi ya manyuali hukataa kuwaka?

Altezza ni gari la Toyota linalopendwa na vijana wengi wa Tanga, na wapo wanaoamua kuligeuza la otomatiki kuwa la manyuali nyumbani kwao, chini ya mwembe, kwa msaada wa fundi mmoja na marafiki wawili. Kazi ikiisha, giaboksi imekaa, pedali ya klachi inakanyagika na gia zote zinaingia. Ufunguo unapozungushwa, taa za dashibodi zinawaka, redio inaimba, na stata, yaani mota ya kuwashia injini, haitoi hata mlio. Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba kontroli boksi, yaani kompyuta inayoendesha injini, imekufa au stata imeungua wakati wa kazi, na kuna watu wameshanunua zote mbili kwa sababu hiyo, ilhali za mwanzo zilikuwa nzima.

Kilichokosekana ni swichi moja. Ubavuni mwa giaboksi ya otomatiki, pale shafti ya leva ya gia inapoingilia, pamefungwa swichi inayotambua leva iko wapi. Umeme unaotoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda kwenye stata hupitia humo kwanza, na njia hufunguka leva ikiwa P (kuegesha) au N (gia huru) tu, ili gari lisiruke likiwashwa likiwa kwenye D (kwenda mbele). Giaboksi ikiteremshwa, swichi huondoka nayo, na plagi yake hubaki ikining'inia chini ya gari bila kazi. Kwa upande wa umeme, gari hilo ni sawasawa na gari ambalo leva yake imeachwa kwenye D, na kwa hiyo linakataa kuwaka kama lilivyoundwa likatae.

Dhana inayowaponza watu hapa ni kwamba giaboksi ni chuma kitupu, yaani meno, oili na bolti, na anayetoa moja na kufunga nyingine amemaliza. Kwa magari ya zamani dhana hiyo haikuwa na madhara. Giaboksi ya Land Rover ya miaka ya sitini haina usemi wowote kuhusu injini kuwaka au kutowaka, na fundi aliyejifunza kazi kwenye magari ya aina hiyo ana haki ya kuiona kama kasha linalojitegemea. Altezza ilitoka mwaka 1998, wakati ambapo giaboksi ya otomatiki ilikwishakuwa sehemu ya mfumo wa umeme wa gari, ikipokea amri na kutuma taarifa muda wote injini inapozunguka. Kuiondoa ni kuacha wazi nafasi zaidi ya moja, na nafasi ya meno ndiyo iliyo rahisi kuziba.

Fundi umeme akielezwa tatizo, mara nyingi huunganisha nyaya mbili za plagi ile moja kwa moja, na stata inazunguka papo hapo. Sikubaliani na kuishia hapo. Nyaya zikiunganishwa hivyo, gari litawashwa hata likiwa gia ya kwanza bila klachi kukanyagwa, na mtoto anayechezea ufunguo anaweza kulisukumiza ukutani. Njia iliyo salama ni kuzipitisha nyaya hizohizo kwenye swichi ndogo inayofungwa juu ya pedali ya klachi, ili umeme ufike kwenye stata pedali ikiwa imekanyagwa tu. Mwanga wa taa za rivasi nao ulikuwa ukipitia kwenye swichi ileile iliyoondoka, kwa hiyo unahitaji waya mpya kutoka kwenye swichi ya rivasi iliyo kwenye giaboksi ya manyuali.

Gari likishawaka, kontroli boksi bado haijui kilichotokea. Ndani ya giaboksi ya otomatiki mna solenoidi, yaani vali ndogo za umeme zinazoelekeza oili ili gia ibadilike, na kontroli boksi huzipelekea umeme na kuangalia kama unapita. Zisipokuwepo, huwasha taa ya injini, na kwenye baadhi ya magari huingia katika hali ya kujilinda na kuibana injini. Pia hutumia taarifa ya P na N kupanga sailensa, yaani mzunguko wa injini mafuta yasipokanyagwa: gari likiwa kwenye D huku breki imekanyagwa, injini inabeba mzigo wa giaboksi na inahitaji kuongezewa hewa kidogo ili isizime. Ndiyo maana magari yaliyogeuzwa nusunusu huwa na sailensa isiyotulia ambayo hakuna usafishaji wa throto (mlango wa hewa ya injini) unaoiponya. Wapo wanaofunga rizista, yaani vipingamizi vya umeme, mahali pa solenoidi ili kuidanganya kontroli boksi, na hila hiyo hufanya kazi kwa kiasi fulani. Dawa kamili ni kontroli boksi ya gari la manyuali lenye injini ileile, pamoja na waya zake. Kama gari lina ufunguo wenye chipu, kontroli boksi hiyo lazima ipatane na ufunguo huo, la sivyo injini haitawaka, au itawaka kidogo na kuzima.

Kwa wakazi wa Tanga kuna tahadhari ya ziada. Hewa yetu ina chumvi, na plagi zilizo chini ya gari huota kutu ya kijani kwenye pini zake. Kutu hiyo huweza kuleta dalili zilezile za waya uliokatika, kwa hiyo kabla ya kuilaumu kazi mpya, plagi zifunguliwe na pini zitazamwe kwa tochi.

Upande wa chuma nao una jambo moja ambalo hurukwa mara nyingi kuliko yote, nalo ni beringi yenye upana wa sarafu kubwa. Gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga. Lina konveta, duara kubwa la chuma lililojaa oili, ambamo feni moja inasukuma oili na nyingine inasukumwa nayo. Ubunifu huu ulitoka kwa Mjerumani Hermann Föttinger, aliyeusajili mwaka 1905 kwa ajili ya meli, kwa sababu tabo za mvuke, yaani injini za meli hizo, zilizunguka kasi mno kwa pangaboi. Magari yaliuchukua baadaye. Kwa kuwa konveta ni nzito, haihitaji flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalofungwa nyuma ya injini. Inafungwa kwenye sahani ya chuma yenye unene wa milimita chache tu, na kichwa chake huingia kwenye tundu lililo mwishoni mwa krankishafti, yaani shafti kuu ya injini, na kujishikiza humo.

Giaboksi ya manyuali haina kichwa cha namna hiyo. Shafti yake ya mbele ni ndefu na nyembamba, imeshikwa upande wa nyuma na beringi ya giaboksi, na ncha yake inapita katikati ya klachi pleti ikitafuta mahali pa kutulia. Mlingoti wa dau unaonyesha vizuri shida iliyopo. Juu unashikwa na ubao unaovuka chombo, lakini kinachouzuia usitembee ni tundu lililochongwa chini, juu ya mkuku, ambamo kitako chake hukaa. Ondoa tundu hilo, na upepo wa kwanza utauyumbisha mlingoti hadi ubao upasuke, hata kama ubao wenyewe ulikuwa imara. Tundu la shafti ni beringi ndogo inayopigwa mwishoni mwa krankishafti. Injini iliyozaliwa na otomatiki kwa kawaida haina beringi hiyo. Nyingine zina bushi inayopaswa kutolewa kwanza, na nyingine tundu lake halikuchongwa hadi kipimo.

Ubaya wake ni kwamba gari lisilo na beringi hii hutembea. Klachi ikiwa imeachiwa, pleti imebanwa kwenye flaiwili, kwa hiyo shafti inazunguka pamoja na krankishafti na kupata msaada wa muda. Pedali ikikanyagwa, pleti inaachiwa, krankishafti inaendelea kuzunguka na shafti inataka kusimama, na hapo ndipo ncha yake inapobaki bila mshikizo. Dalili yake ni mlio wa kusaga unaosikika pedali ikiwa chini, na gia ya kwanza na ya rivasi kuingia kwa shida. Dereva hulaumu giaboksi ya mtumba aliyouziwa, na kwa kweli beringi ya mbele ya giaboksi itakuwa inaliwa kila siku.

Bolti za flaiwili zinastahili umakini uleule. Bolti zilizoshika ile sahani nyembamba ni fupi, na zikitumika kufunga flaiwili nene zitashika uzi kidogo tu, kwenye kitu kizito kinachozunguka mara maelfu kwa dakika karibu na miguu ya dereva. Zinunuliwe za flaiwili, na zikazwe kwa spana ya kipimo.

Mengine hayana fumbo. Masta silinda ya klachi, yaani pampu ya oili inayosukumwa na pedali, hufungwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva, pedali pana ya breki hubadilishwa, propela shafti, ile inayopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma, mara nyingi huwa ya urefu tofauti, na yale mabomba mawili ya kupozea oili kwenye rejeta huzibwa. Gari liinuliwe kwa stendi za chuma juu ya mbao pana, kwa sababu jeki kwenye mchanga wetu huzama taratibu bila mtu kuona.

Wengi hutarajia pia kuongeza nguvu. Altezza RS200 ya manyuali ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210, ya otomatiki 200, lakini farasi hao kumi wamo ndani ya injini, ambayo kwa toleo la manyuali ilipewa valvu tofauti, na hawahami pamoja na giaboksi. Faida iliyo dhahiri ni udhibiti: ukiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, gia ya pili uliyoichagua hubaki ya pili, na injini inabeba sehemu ya kazi ya breki kona baada ya kona.

Kwa hiyo anayenunua vifaa asinunue giaboksi peke yake. Anunue nusu ya gari la manyuali, iliyokatwa pamoja na injini, pedali, flaiwili na bolti zake, propela shafti, kontroli boksi na ufunguo wake, na kabla ya kulipa ahakikishe kwamba waya hazikukatwa kwa msumeno karibu na plagi.