Valvu hazijapinda, mkanda umesingiziwa

Wiki hii nimeletewa Toyota Carina Ti inavutwa kwa kamba, mwenyewe ameshalipa nusu ya bei ya injini nyingine. Fundi wake alibadilisha mkanda wa taimingi, ule unaounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemu (shafti inayofungua valvu), gari ikagoma kuwaka, mwenyewe akapewa hukumu ile ile ninayoisikia kila mwezi: "Valvu zimepinda, bosi." Jamani! Hiyo ni injini ya petroli, 5A-FE. Hata mkanda ukatike uko mwendo wa mia barabarani, pistoni haifiki kwenye valvu. Ungeniambia hivyo kuhusu 3L au 1HZ ningekaa kimya. Dizeli hizo hazisamehi.

Nilipiga stata tu, nikasikiliza. Injini iliyopoteza kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) huzunguka kwa wepesi, kama cherehani isiyo na nguo. Silinda moja ikifa, mlio unachechemea. Hii ilikuwa na mapigo sawasawa, halafu inapiga chafya kwenye ea klina. Nikaweka geji ya kompresheni: silinda zote nne nzima, zinakaribiana. Zingekuwa chini zote kwa kiasi kimoja, ningeushuku mkanda. Moja au mbili zingesoma sifuri, sawa, tuzungumzie valvu.

Sasa, kufunga mkanda kwenye injini hii lazima ufungue kava ya valvu, na hapo waya za plagi zinachomolewa. Aliyezirudisha alizipanga kwenye distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi, 1-2-3-4, kama anahesabu watoto. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Dakika tano, ikawaka. Soketi za waya zilizosahaulika na athi (waya za kurudisha umeme kwenye bodi) zisizokazwa nazo huzuia gari kuwaka, ila sizielezi, mnazijua.

Kinachonikera hasa ni fundi kusema "lakini alama za taimingi zilikaa sawa." Alama zipi? Ile ya puli kubwa ya krenki? Puli ile ina mpira katikati. Mpira ukichoka, duara la nje linateleza na kuhama na alama yake, nawe unaifuata kwa uaminifu wote. Vua puli, tazama alama ya gia ndogo ya krenki dhidi ya ile ya pampu ya oili, kisha tumbukiza bisibisi ndefu kwenye tundu la plagi namba 1 uone pistoni ikifika juu. Ukishakaza tenshena, puli inayovuta mkanda, zungusha krenki kwa spana 19, kwa mkono, raundi mbili kamili, maana raundi moja ya krenki ni nusu tu ya kemu. Ndipo uangalie tena. Kwa mkono, nimesema. Si kwa stata.

Na jino moja la mkanda likiruka, mara nyingi gari inawaka, ila sailensa inatetemeka na mlima unaishinda.

Kuna mahali hata mimi nasitasita: hedi (kipande cha juu cha injini chenye valvu) iliyochongwa uso wa chini. Kemu imesogea karibu na krenki, alama haikai. Ukifunga kwenye jino hili alama imepita, jino lile haijafika. Nachagua iliyo karibu zaidi, nawasha, nasikiliza. Kuna siku nilifungua tena nikasogeza jino moja, gari ikatulia, na mwenye gari aliponiuliza kwa nini, nilianza kukusanya spana.