Mayelini na umri: tunayoyaamini kimakosa kuhusu ubongo unaokua

Ndani ya ubongo na uti wa mgongo, ujumbe husafiri kwa umeme kupitia nyuzi ndefu za seli za neva. Nyingi kati ya nyuzi hizo huvikwa mayelini, utando wa mafuta na protini unaojiviringisha tabaka juu ya tabaka. Uzi mwembamba usiovikwa hupitisha ujumbe kwa mwendo wa mita 0.5 hadi 2 kwa sekunde. Uzi mnene uliovikwa barabara huweza kufikia mita 100 na zaidi. Kwa tofauti kubwa kiasi hicho, umri ambao kila njia inavikwa una uzito katika maisha ya mtu. Ndiyo maana inaniuma kuona jambo hili likielezwa ovyo: mtoto anaitwa mvivu, kijana anaambiwa hajakamilika, mzee anaambiwa ameshaisha.

Dhana: Mtoto huzaliwa na kila kitu, kinachobaki ni kukua ukubwa tu

Mayelini huanza kuonekana karibu na mwezi wa nne au wa tano wa mimba, kwenye mizizi ya neva za uti wa mgongo. Mizizi inayoamuru misuli hutangulia ile inayoleta hisia. Kisha kazi hupanda hadi kwenye shina la ubongo, panapoendeshwa kupumua na kumeza, mambo ambayo kichanga hawezi kuyasubiri hata kwa saa moja. Siku ya kuzaliwa, sehemu kubwa ya ubongo wa juu bado haijavikwa.

Kuanzia hapo kuna utaratibu: kutoka chini kwenda juu, kutoka nyuma kwenda mbele, kutoka katikati kwenda pembezoni. Mjerumani Paul Flechsig, aliyefanya kazi Leipzig, alichunguza ubongo wa vichanga waliofariki akatambua kwamba kila eneo lina zamu yake. Maeneo yanayopokea mguso, mwanga na sauti, pamoja na lile linaloamuru misuli, huvikwa mapema. Yale yanayounganisha habari, kupanga na kupima mambo hungoja. Leo daktari huona zamu hizo kwenye picha za MRI. Mkanda unaounganisha nusu mbili za ubongo huonyesha mayelini upande wa nyuma karibu na mwezi wa 4, na upande wa mbele karibu na mwezi wa 6. Mtoto akifika miaka 2, picha yake inakaribia kufanana na ya mtu mzima. Lakini kufanana kwenye picha hakumaanishi kwamba kazi imekwisha.

Dhana: Anayechelewa kutembea ni mvivu

Mguse mtoto mchanga unyayo, kutoka kisigino kwenda kwenye vidole: kidole gumba kitainuka na vingine vitatawanyika. Joseph Babinski alieleza ishara hii Paris mwaka 1896. Kwa mtu mzima ni dalili kwamba njia ya kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye uti wa mgongo imeumia. Kwa mtoto mdogo ni kawaida, kwa kuwa njia hiyohiyo bado haijakomaa, na kwa kawaida ishara hutoweka kabla ya miaka 2. Kumlaumu mtoto wa mwaka mmoja kwa uvivu ni kumlaumu kwa njia ambayo mwili wake bado unaijenga. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema wa nchi mbalimbali na kukuta kwamba kutembea bila kushikwa huanza popote kati ya miezi 8 na karibu miezi 18.

Mayelini si sababu pekee, kwani misuli, mizani ya mwili na mazoezi vina sehemu yao. Wala subira haina maana ya kufumba macho. Mtoto aliyepita miezi 18 bila kutembea, au anayepoteza uwezo aliokuwa nao tayari, apelekwe kwa daktari. Hilo la kupoteza uwezo ndilo lisilotakiwa kusubiri kabisa, maana yapo magonjwa ya kurithi yanayobomoa mayelini na huanza hivyohivyo.

Dhana: Ubongo hukamilika mtu akifika miaka 25

Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote, na hakuna tukio lolote ndani ya ubongo linaloifanya kuwa kweli. Mwaka 1967 Paul Yakovlev na André-Roch Lecours walionyesha kwamba baadhi ya maeneo yanayounganisha habari huendelea kuvikwa hata baada ya miaka 30. Vipimo vya baadaye vya sehemu nyeupe ya ubongo, yaani ile iliyojaa nyuzi zenye mayelini, huonyesha kilele mahali fulani kati ya mwisho wa miaka ya ishirini na miaka ya arobaini, kutegemea eneo na namna ya kupima. Sokwe mtu hana safari ndefu hivi: kwake gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, huwa limefikia kiwango cha mayelini cha utu uzima karibu na balehe.

Kwa hiyo kijana wa miaka 19 si mtu mzima aliyekatwa nusu. Njia zake za kuona, kusikia na kutembea zilikwisha komaa zamani. Zile za kupima matokeo ya mbali bado zinaimarishwa, na zitaendelea akiwa na miaka 26 na 35. Namba moja haiwezi kubeba hayo yote.

Dhana: Mtu mzima haongezi mayelini

Katika ubongo na uti wa mgongo, mayelini hutengenezwa na seli ziitwazo oligodendrosaiti, na moja huweza kuvika vipande kadhaa vya nyuzi tofauti. Mtu mzima bado ana akiba ya seli changa zinazoweza kugeuka kuwa hizo. Mwaka 2014 watafiti wa London waliwapa panya gurudumu lenye vipago visivyolingana nafasi; wale waliozuiwa kutengeneza oligodendrosaiti mpya walishindwa kujifunza mbio hizo kama wenzao.

Mwaka huohuo watafiti wa Sweden walitumia kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, iliyosambazwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia kupima umri wa seli hizi kwa binadamu. Katika mkanda unaounganisha nusu mbili za ubongo, karibu seli 1 kati ya 300 hubadilishwa kwa mwaka, ilhali mayelini yenyewe hufanywa upya muda wote. Seli ni za zamani, kazi yake ni mpya. Kwangu hakuna jambo la kupendeza zaidi katika somo hili zima.

Dhana: Kula mafuta mengi hujenga mayelini

Kolesteroli ni mojawapo ya mafuta ya mayelini, lakini ile ya kwenye chakula haivuki kizuizi cha damu na ubongo, yaani ukuta unaochuja kinachotoka kwenye damu kuingia ubongoni. Ubongo hujitengenezea yake. Mtoto mdogo anahitaji mafuta ya kutosha kwenye mlo, lakini upungufu wa madini ya chuma, vitamini B12 au iodini ndio unaoweza kuchelewesha kazi hii, na mtoto aliyezaliwa na upungufu wa homoni ya thairoidi anahitaji tiba mapema sana.

Dhana: Uzeeni hakuna cha kufanya

Ni kweli kwamba kwa umri mayelini hudhoofika na ukarabati hupungua kasi. Lakini sehemu ya uharibifu hutoka kwenye mishipa midogo ya damu inayolisha sehemu nyeupe, na shinikizo la juu la damu ni adui wake mkubwa. Katika utafiti wa SPRINT MIND nchini Marekani, uliotolewa mwaka 2019, watu wa miaka 50 na zaidi ambao namba ya juu ya kipimo chao cha presha ilishushwa hadi chini ya 120 walipata ongezeko dogo la madoa kwenye sehemu nyeupe kuliko wale walioishia chini ya 140. Kiwango kinachomfaa kila mgonjwa ataamua daktari wake, ila kupima presha mtu anaweza kuanza leo.