Bogenvilia: unachokiita ua ni jani

Chuma kishada kimoja cha bogenvilia ukiweke kiganjani. Utaona majani matatu mepesi kama karatasi, ya zambarau au mekundu, na katikati yake vibomba vitatu vyembamba, kila kimoja kina kinyota cheupe mdomoni. Vibomba hivyo ndivyo maua. Hayo ya rangi, ambayo karibu kila mtu huyaita petali, ni majani tu yaliyobadilika. Huamini? Liinue moja juani uone mishipa yake: ni ile ile ya jani la kijani lililo chini yake kwenye tawi. Hata rangi yenyewe haina undugu na ya waridi. Ni ya jamii moja na ile inayobaki vidoleni ukimenya bitiruti. Na jani hilo haliishii kwenye urembo. Ua likinyauka, lenyewe hubaki limeshikana na tunda, na upepo ukivuma huwa bawa lake.

Kuna wanaoapa kwamba ni mmea wa asili wa kwao, maana waliukuta uani kwa babu. Babu naye aliletewa. Asili ya bogenvilia ni Amerika Kusini: Brazil, Bolivia, Peru na Argentina. Huku kwingine kote imefikishwa na mikono ya watu.

Jina nalo limezaa uongo wake, kwamba nahodha Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville ndiye aliyeigundua. Yeye alikuwa mkuu wa safari tu. Mwaka 1767, msafara wake ulipotia nanga Rio de Janeiro, aliyeiandika kwenye kumbukumbu za sayansi ni mtaalamu wa mimea Philibert Commerson. Msaidizi wake alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyejificha ndani ya nguo za kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa melini. Commerson alisumbuliwa na mguu mbovu, hivyo wapo wanaoamini kwamba aliyeuchuma mmea huo ni Baret. Mkubwa akapewa jina, kama kawaida. Na wenyeji wa Brazil, ambao walikuwa wakiuona kila uchao, hakuna aliyewauliza.

"Haitoi maua, iongezee maji na mbolea." Ushauri huu umeharibu bogenvilia nyingi. Maji mengi na mbolea yenye naitrojeni nyingi huipa majani ya kijani na matawi marefu, basi. Inataka jua kali, saa 6 hivi kwa siku au zaidi, na udongo uachwe ukauke kabla ya kumwagilia tena. Ikionja kiu kidogo ndipo inapochanua.

Miiba yake haiui, ingawa baadhi ya watu ngozi huwavimba na kuwasha wakichomwa, kwa hiyo vaa glavu. Kazi ya miiba hiyo ni kupandia: mmea huu hauna vikono vya kujisokota, hunasa kwenye matawi ya jirani na kujivuta juu. Ukutani hakuna pa kunasa, ndiyo maana unaanguka. Ufunge kwa kamba.