Je, wajua kwa nini mtoto akiuzoea mji mpya si lazima apotee?

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mitaa kama Nkuhungu, Kisasa na Ilazo imepokea familia kutoka kila pembe ya nchi. Wazazi wengi huja na hofu moja: watoto watasahau kwao.

Mtoto kweli huzoea haraka. Muhula mmoja tu shuleni, tayari ana marafiki wa Kigogo na mlenda kwa ugali wa uwele anaula kama mzawa. Baba bado anashinda na wenzake aliohama nao. Kwa muda mrefu wanasaikolojia wa familia za wahamiaji waliamini kwamba tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayozaa ugomvi na huzuni nyumbani.

Mwaka 2010 mtafiti wa Marekani, Eva Telzer, alizipitia tafiti zilizokuwepo, akakuta mambo si hivyo. Mtoto kumtangulia mzazi katika mambo ya ugenini hakuleti shida kila mara. Msongo ulijitokeza zaidi pale mzazi na mtoto walipoachana katika mambo ya asili yao. Tafiti hizo zilihusu waliohamia nchi nyingine, na aliyetoka Shinyanga kuja Dodoma hajavuka mpaka wala kubadili lugha ya shule. Lakini mvutano wa ndani ya nyumba naona ni ule ule.

Chukua binti wa Kisukuma anayesema "shikamoo" akiwa amesimama. Mama anataka apige goti, anamkaripia mbele ya mgeni. Binti huyo huyo ndiye anayemkumbusha mama kumtumia bibi hela ya dawa. Heshima anayo, tena nyingi. Mama ameitafuta kwenye goti peke yake. Akikaripiwa hivyo mara kwa mara, mtoto hujifunza kuficha: rafiki aliyempata, somo lililomshinda, hata anachoumwa. Hapo ndipo afya ya akili inapoanza kuguswa, kwa sababu anabeba peke yake mzigo ambao mzazi angeweza kumsaidia.

Wakiwa na maadili mamoja, mtoto anajua kabla ya kufungua mdomo kwamba mama atamwelewa. Ndiyo maana kumweleza binti kwa nini kwao watu hupiga goti kuna faida kuliko kumlazimisha. Likizo ya Desemba, akiwa Shinyanga na binamu zake, atapiga bila kuambiwa.